Nani Apandishwe Punda Coventry?

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfumaji wa riboni za hariri mjini Coventry, Uingereza, akikubali ujira ulio chini ya orodha ya bei alijua yatakayomfika. Wenzake walimpandisha punda, uso ukielekea mkiani, wakamzungusha mitaani akizomewa. Orodha ile ilikuwa mapatano ya wafumaji na matajiri wao, si sheria. Kilichoilinda ni fedheha.

Novemba 1831 hasira ziliifikia mashine. Josiah Beck alikuwa amefungua kiwanda cha kufuma riboni kwa nguvu za mvuke. Umati ukaivunja mitambo, kisha ukakitia moto.

Coventry ilizoea kuyatoa mambo ya kazi barabarani. Hadi 1579, vyama vya mafundi viliigiza visa vya Biblia juu ya magari ya kukokotwa, kila chama na kisa chake. Katika mchezo wa washonaji na wapunguza manyoya ya vitambaa vya sufu, Mfalme Herode alipandwa na hasira hadi akashuka garini, akawa anafoka katikati ya watazamaji. Daftari za wahunzi nazo zinaonyesha mtu akilipwa peni 4 kwa kumnyonga Yuda, na nyingine 4 kwa kuwika kama jogoo.

Michezo hiyo ilifufuliwa mwaka 1951, katika magofu ya kanisa kuu lililopigwa mabomu 1940. Biblia ilirudi, wahunzi na wafumaji kama wenye mchezo hawakurudi.

Leo mji huo una ghala la Amazon, ambamo skana huhesabu mizigo na kunakili hata dakika ambazo mkono umetulia. Tarehe 25 Januari 2023 wafanyakazi wake waligoma, mgomo rasmi wa kwanza dhidi ya kampuni hiyo Uingereza, wakidai pauni 15 kwa saa.

Msanii atakayetaka kuwarudishia desturi ya punda atakwama kwenye swali moja: apandishwe nani? Msimamizi wa zamu naye hupimwa kwa takwimu zilezile. Kasi inatoka kwenye programu, na programu haizomeki. Wafumaji walimjua Beck kwa sura; Herode wa ghalani hashuki garini. Wagomaji walijaribu njia nyingine ya kumleta mezani: kura ya kukitambua chama chao, GMB. Julai 2024 walishindwa kwa upungufu wa kura 28.