Damu Isiyoganda: Kutunza Sababu, Si Alama Tu

Tangu Ebola ya 2018–2020, huku kwetu Beni na Butembo mutu akitoka damu puani, majirani wanarudi nyuma. Naelewa: ugonjwa ule uliua watu 2,287. Lakini damu kutoka iko na sababu mingi, na moja tunayoizungumzia kidogo ni VIH.

Plaketi ni vichembe vinavyosaidia damu kuganda. Mutu mwenye afya iko nazo 150,000 mpaka 450,000 katika kila mikrolita. Mu mwaka 1982, mbele VIH ijulikane, waganga wa New York waliandika juu ya wanaume ambao plaketi zao zilikuwa zimeshuka sana. Virusi vilitambuliwa Paris mu 1983, na polepole ikaeleweka: mwili unatengeneza antibodi zinazoshika plaketi, bandama inaziharibu. Tena virusi vinasumbua uboho wa mifupa, kule plaketi zinatoka.

Kwanza waganga walitoa prednisone, ao wakakata bandama. Plaketi zilipanda, lakini mara nyingi prednisone ikipunguzwa, zinashuka tena. Virusi vilikuwa vingali pale. Mu 1987 Marekani ilikubali AZT, na mu 1988 watafiti wa Uswisi wakaonyesha kwamba inapandisha plaketi, hata kama dawa ile ile inaweza kuleta upungufu wa damu. Somo lilikuwa wazi: ufunge virusi, plaketi zitafuata.

Na sisi Wakongomani? Kinshasa ilikuwa na Projet SIDA tangu 1984, utafiti mukubwa, ukavunjika kisha uporaji wa 1991. Hapa mashariki, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV Bukavu mu 2003. Hesabuni: miaka 16 kisha AZT.

Ndiyo maana historia hii inatuhusu. Mu 2006, utafiti SMART, wenye watu zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba wenye kukatisha ARV walikufa zaidi kuliko wenye kuendelea. Na Beni, vita inakimbiza watu bila hata kubeba vidonge.

Basi ndugu yako mwenye VIH akitoka damu ku fizi, usimuepuke, na usimwambie aache dawa. Mupeleke kwa munganga, wapime plaketi na malaria pia, sababu malaria nayo inazishusha. Woga haupime damu. Labo ndiyo inapima.