Hesabu ya Ng'ombe na Hesabu ya Nuru

Msomaji, ukisafiri kutoka Nairobi kwa barabara iendayo Namanga, wapita Kitengela, kisha wafika Kajiado. Nchi hii ni ya Wamasai, na kuijua mifugo ni elimu yao ya tangu kale. Mchungaji hatafuti idadi tu. Humtambua kila ng'ombe kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa alama ya sikioni. Akipotea mmoja, hujua ni yupi.

Basi na tufanye hesabu ndogo. Tuna ng'ombe wawili, mwekundu na mweusi, na mazizi mawili, moja Kitengela na jingine Kajiado. Twaweza kuwaweka kwa njia ngapi? Wote Kitengela, wote Kajiado, mwekundu Kitengela na mweusi Kajiado, au kinyume chake. Njia ni 4. Sasa twaa shilingi 2, uziandike katika vitabu viwili vya akiba vya benki. Shilingi iliyoandikwa kitabuni haina rangi wala sikio. Zaweza kuwa zote katika kitabu cha kwanza, zote katika cha pili, au moja moja. Njia ni 3 tu, kwani kusema kwamba shilingi hizo zimebadilishana mahali ni kusema neno lisilo na maana.

Kwa muda mrefu wataalamu wa fizikia walizihesabu chembe zote kama ng'ombe. Katika karne ya 19, Ludwig Boltzmann wa Austria alieleza tabia ya hewa kwa hesabu ya namna hiyo, akafaulu sana. Lakini nuru ilikataa kutii. Mwaka 1900 Max Planck wa Ujerumani alipata kanuni ionyeshayo jinsi kitu chenye moto, kama chuma cha mhunzi, kinavyotoa nuru. Kanuni ilikuwa sahihi, lakini njia ya kuifikia ilichanganya mafundisho ya zamani na mapya yasiyopatana.

Aliyeinyosha njia hiyo alikuwa mwalimu. Satyendra Nath Bose, mwenye umri wa miaka 30, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh. Alizihesabu chembe za nuru kama shilingi za kitabuni, na kanuni ya Planck ikatokea bila msaada wa mafundisho ya zamani. Tarehe 4 Juni 1924 alimwandikia Albert Einstein, akamwomba amsaidie kuichapisha makala yake iwapo yafaa, maana yeye hakujua Kijerumani cha kutosha kuifasiri. Einstein hakumdharau mwalimu huyo asiyejulikana. Aliifasiri mwenyewe, ikachapishwa mwaka ule ule. Kisha akaitumia hesabu hiyo kwa atomi, akabashiri kwamba zikipozwa mno zitakusanyika katika hali moja. Jambo hilo lilithibitishwa Marekani mwaka 1995.

Hata hivyo, si chembe zote zilizo kama shilingi. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alionyesha kwamba elektroni mbili za atomi moja haziwezi kuwa katika hali ile ile. Na mwaka 1926 Enrico Fermi na Paul Dirac, kila mmoja peke yake, wakaitungia hesabu. Mfano wake ni viti vya gari la abiria: utingo hatazami jina la mtu, hutazama kama kiti kimejaa au ni kitupu, na kiti kimoja ni cha mtu mmoja. Kwa abiria 2 na viti 2, njia ni 1 tu. Kwa sababu ya katazo hilo elektroni hupangana ngazi kwa ngazi, ndipo chuma kikawa chuma na magadi yakawa magadi. Baadaye Dirac aliziita chembe zilizo kama shilingi bosoni, kwa heshima ya Bose, na hizi za pili fermioni.

Waona, msomaji, 4, 3 na 1 zote ni hesabu sahihi, kila moja kwa kitu chake. Wataalamu wa zamani hawakukosea kujumlisha. Walikosea kudhani kwamba vitu vyote huhesabiwa kama ng'ombe. Bose alifariki mwaka 1974 pasipo kupewa Tuzo ya Nobel, lakini jina lake limo katika kila mwale wa jua uangazao mbuga za Kajiado. Nawe kabla ya kuhesabu, uliza kwanza wahesabu nini. Kuuliza si ujinga.