Gari la Sinema na Watu wa Nyasa

Katika nchi ya Mbinga, ambako Wamatengo hulima ngolo katika miteremko ya milima yao, na huko chini kandokando ya Ziwa Nyasa, toka Lituhi kupita Liuli hata Mbamba Bay, sinema kwa mwanakijiji, kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya bara, haikuwa jumba lenye viti na tikiti, bali ilikuwa gari. Gari lilifika alasiri. Shuka jeupe likafungwa ukutani au baina ya miti miwili. Jenereta ikawekwa mbali ili mngurumo wake usizimeze sauti. Na giza lilipoingia watoto wakaketi mbele mavumbini, watu wazima wakasimama nyuma yao, na waliochelewa, pale shuka lilipokuwa wazi pande zote mbili, wakatazama kwa upande wa pili, ambako kila mtu alionekana kula na kuandika kwa mkono wa kushoto. Watu waliiita sinema ya bure.

Asili ya jambo hili yapasa kutafutwa mbali na mkoa wetu wa Ruvuma, huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, ambako mwaka 1935 Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, walianzisha jaribio la kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Hata jaribio lilipokoma mwaka 1937, filamu zipatazo 35 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa, juu ya safura, kodi, akiba ya posta, kahawa na mengineyo, na sauti yake ilitoka katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, kwa lugha kadha wa kadha, zikiwamo Kiswahili na Kinyanja. Waafrika waliigiza, lakini shauri la nini kisemwe, na nani asemeshwe, halikuwa lao.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya filamu za makoloni, ambayo mtaalamu wake mkuu, William Sellers, alishika itikadi kwamba jicho la mwanakijiji wa Kiafrika haliwezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo filamu yake lazima iende polepole, pasipo hila yoyote ya kamera. Naitaja itikadi hii kwa uchungu, maana haina insafu. Watu ambao huicheza ngoma ya mganda hata jua likazama, wakijua ni nani katika safu nzima aliyekosea hatua moja, na ambao tangu utotoni wamefuata ngano zenye mikingamo mingi kuliko filamu yoyote, walihukumiwa kuwa hawawezi kuona, na hukumu hiyo ikaongoza kazi ya miaka mingi.

Hata hivyo, mtu wa kwanza kupata sifa kubwa katika filamu za Kiswahili za Tanganyika alitoka pande hizi hizi za kusini. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 huko Matepwende, Namtumbo, alikuwa mtumishi wa serikali katika ustawi wa jamii alipoigiza, mapema katika miaka ya 1950, filamu ya Muhogo Mchungu na nyinginezo zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa ajili ya serikali ya Tanganyika. Kamera ilikuwa ya wageni, lakini lugha ilikuwa Kiswahili, na uso uliojaa shukani ulikuwa wa mwana wa nchi. Mwaka 1962 uso huo huo ukawa wa Waziri Mkuu.

Baada ya uhuru yaliundwa mashirika ya filamu ya taifa, na kamera ikaanza kushikwa na wazawa. Nangayoma Ng'oge, akishirikiana na Mmarekani Ron Mulvihill, alitoa Arusi ya Mariamu mwaka 1985. Flora M'mbugu-Schelling, katika These Hands ya mwaka 1992, aliwapiga picha wanawake wakimbizi wa Msumbiji wakiponda kokoto huko Kunduchi, akawaacha wafanye kazi na waimbe, bila sauti ya mtu mwingine kuwasemea. Tazama umbali uliopo baina ya filamu hiyo na zile za Vugiri!

Huko Zanzibar, tamasha la filamu lililoanza mwaka 1998 halikuridhika na maonyesho ya Ngome Kongwe mjini, likapeleka sinema vijijini Unguja na Pemba. Mwambao wa Nyasa wastahili hidaya kama hiyo, na barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeondoa udhuru wa safari. Ningependa gari lipakie Arusi ya Mariamu, kwa kuwa shauri lake, la mganga na hospitali, bado huzungumzwa katika nyumba zetu, na These Hands, kwa kuwa wale wanawake walitoka ng'ambo ya mto Ruvuma na ni jirani zetu. Na filamu hizo zikiisha, jenereta isizimwe, bali vijana wa Liuli na Mbinga wapewe shuka hilo, waonyeshe waliyoyapiga wenyewe kwa simu zao.