Sheria na Majengo ya Kihistoria Mjini Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Ubelgiji ilipotoa dikrii ya tarehe 16 Agosti 1939 ya kulinda maeneo, majengo ya kumbukumbu na kazi za sanaa za wenyeji, mji huo haukuwa umetimiza miaka 30. Jina la dikrii hiyo ladhihirisha mwelekeo wake: mambo ya kale yalikuwa ya wenyeji; nyumba za wakoloni zilihesabiwa kuwa maendeleo, si historia.

Baada ya uhuru ikaja sheria Nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, inayohusu mali za kitamaduni. Kwa mujibu wake, jengo lenye thamani ya kihistoria au ya kisanaa laweza kuorodheshwa kwa uamuzi wa serikali, na likishaorodheshwa halibomolewi wala kubadilishwa bila idhini. Ugumu wote umo katika neno hilo, "kuorodheshwa": nyumba isiyokuwamo katika orodha ni mali tu kama mali nyingine. Tena sheria ilitoka miezi saba kabla ya nchi kuitwa Zaire, wakati majina na sanamu za kikoloni zikiondolewa. Nani angetetea mahakama au kanisa la Wabelgiji? Hata hivyo, Wabelgiji walichora tu. Waliofyatua na kuchoma matofali ya udongo wa vichuguu, kisha wakayapanga, walikuwa vibarua Waafrika.

Zaire iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1974. Maeneo matano yaliyoandikishwa kati ya 1979 na 1996 yote ni ya hifadhi za wanyama na misitu. Hamna jengo hata moja.

Zanzibar ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya 1994 iliulinda Mji Mkongwe mzima, pamoja na vichochoro vyake, badala ya kuchagua nyumba moja moja. Si kwamba hilo linatosha: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Lubumbashi, wanaopiga picha huelekea kwenye kanisa kuu, sinagogi, na jumba la maonyesho lililobuniwa na Claude Strebelle. Wachache huuliza habari za Villa Brouwez, alimozuiliwa Patrice Lumumba tarehe 17 Januari 1961, saa chache kabla ya kuuawa. Thamani ya nyumba hiyo haimo katika ujenzi wake. Wachache zaidi huuliza habari za kambi za wafanyakazi wa migodi, au vibanda vya uani walimolala watumishi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani waliowahi kufanya kazi kwa wazungu. Maandishi hayo yamechapishwa na kutafsiriwa. Vibanda vyenyewe hubomolewa mwenye kiwanja anapotaka nafasi, na sheria ya 1971, ambayo ingeweza kuvipokea kwa neno lake "historia", haiulizwi.