Sheng na Alama za Mtoto wa Eastlands: Kesi Iliyoamuliwa Kabla ya Ushahidi

Ikiwa wewe ni mwalimu wa Kiswahili jijini Nairobi, yamkini umewahi kuandika neno "Sheng!" kwa kalamu nyekundu pambizoni mwa insha, ukalipigia mstari, kisha ukapunguza alama. Mimi nimeliandika mara zisizohesabika. Kila matokeo ya KCSE yatangazwapo, nasi tuketipo katika vyumba vya walimu vya shule za kutwa za Makadara, Kayole au Dandora kutafuta kiini cha alama duni, mshtakiwa huwa yuleyule. Hapewi hata wakili.

Muhula mmoja tulikuwa tukidurusu isimu jamii, ile sehemu ya alama kumi katika karatasi ya pili. Swali lilitaka athari hasi za Sheng. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono: "Mwalimu, si hapa ni sisi tunaulizwa?" Darasa likaangua kicheko. Nilicheka nao, nikaendelea na hoja ya pili. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Tuanzie kwenye nyumba, kwa maana mtoto hujifunza lugha nyumbani kabla ya kuja kwetu. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa mjini kama mgeni wa muda, mtu wa kufanya kazi akiwa na kipande chake shingoni kisha arudi kwao. Makao ya wafanyakazi yaliyofuata upande huo wa mashariki, yakiwemo yale ya reli ya Muthurwa na Makongeni, kwa kiasi kikubwa yalipimwa kwa kitanda, wala si kwa familia. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kumfikiria mfanyakazi mwenye mke na watoto. Miaka ya 1950 ikaleta Bahati, Mbotela na mitaa ya Ofafa. (Mwalimu wa fasihi atapenda kujua kwamba mtaa wa Mbotela umepewa jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka wa 1952, wa ukoo uleule wa Freretown uliompa Kiswahili James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa.) Hata hivyo chumba kilibaki chumba. Baba, mama, watoto na mgeni kutoka mashambani walilala humo. Daftari lilifunguliwa pale meza ilipopata nafasi, na mtoto akatumwa nje acheze, aongee na watoto wa majirani waliotoka kila pembe ya nchi.

Shule nazo ziligawanywa kwa rangi kama mitaa. Mtoto wa Mzungu alikuwa na Prince of Wales tangu 1931 na Duke of York tangu 1949, ambazo leo ni Nairobi School na Lenana. Mhindi alikuwa na zake. Kwa Mwafrika, ripoti ya Beecher ya 1949 iliweka chekeche mbili: mtihani baada ya darasa la nne, na mwingine baada ya darasa la nane. Ikumbukwe kwamba mitihani hiyo haikuwekwa tu ili kupima nani anajua. Nafasi za mbele zilikuwa chache, na mtihani ulikuwa na kazi ya kuwapunguza watoto hadi watoshane na nafasi hizo. Wengi wa walioanguka walianguka kwa sababu mlango ulijengwa mwembamba.

Sasa hapa ndipo historia inapomgusa mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja. Ujumbe wa Binns, uliozuru Afrika Mashariki mapema miaka ya 1950, ulipendekeza Kiswahili kiondolewe shuleni isipokuwa mahali ambapo ni lugha ya kwanza. Mwaka wa 1957 mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza papa hapa Nairobi kwa wanafunzi wa Kiasia, kisha miaka ya 1960 ukaenea katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya 1964 ilikipigia debe Kiswahili, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ikapendekeza kiwe cha lazima na kitahiniwe. Lakini utekelezaji ulisubiri mfumo wa 8-4-4, na mtihani wa kwanza wa KCPE ukafanywa mwaka wa 1985.

Hebu mfikirie mtoto wa Jericho katika kipindi hicho. Chumbani lugha ya mama, darasani Kiingereza, na uani Kiswahili ambacho hapana mwalimu aliyekitahini mwishoni mwa shule ya msingi. Aghalabu wanaisimu huipata asili ya Sheng katika mitaa hii hii, miaka ya 1960 na 1970, ingawa wapo wanaoisukuma nyuma hadi miaka ya 1930. Tuseme basi kwamba lugha hii ilizuka, au angalau ilikomaa, katika miaka ileile ambayo shule ilikuwa imekipa Kiswahili kisogo. Mshtakiwa wetu alizaliwa ndani ya pengo tuliloliacha sisi wenyewe.

Wanasosholojia wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Basil Bernstein wa Uingereza alidai kwamba watoto wa wafanyakazi huzoea msimbo finyu ilhali shule hutuza msimbo mpana wa tabaka la kati. Wengi walimsoma kana kwamba alisema lugha ya maskini ina kasoro. William Labov, baada ya kuwasikiliza vijana weusi wa Harlem mwishoni mwa miaka ya 1960, alionyesha kwamba lahaja yao ina mantiki na kanuni kamili. Naye Pierre Bourdieu wa Ufaransa alisema shule huichukua tabia ya nyumba za wenye nacho, ikaiita kipawa, ikaitolea vyeti. Kwangu mimi Bourdieu ndiye anayeikaribia Nairobi zaidi. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, hawakuandika juu ya Sheng peke yake. Waliandika pia juu ya Engsh, mchanganyiko wa vijana wa mitaa ya kitajiri ya Westlands. Je, ni lini ulisikia katika chumba cha walimu kwamba Engsh ndiyo iliyowaangusha watoto wa Lavington? Nao pia hukosea upatanisho wa ngeli, tena vibaya. Ila wao wana mwalimu wa ziada wa jioni, na chumba cha kulala peke yao.

Baada ya uhuru vizuizi vya rangi viliondolewa, karo ikashika zamu. Mwaka wa 1974 karo ilifutwa katika madarasa manne ya mwanzo, lakini michango ya ujenzi ikaingia kupitia dirishani. Elimu ya msingi bila malipo ya Januari 2003 iliwaleta watoto zaidi ya milioni moja shuleni kote nchini. Hapa Eastlands ikazaa kinaya ambacho hata mwandishi wa riwaya angeogopa kukitunga. Watafiti wa kituo cha APHRC walilinganisha vitongoji vya Korogocho na Viwandani na mitaa ya Jericho na Harambee. Katika makala ya 2010, Moses Oketch na wenzake walieleza kwamba watoto wa vitongoji maskini ndio waliosoma kwa wingi zaidi katika shule za kulipia, kwa kuwa nafasi za shule za umma karibu nao hazikutosha. Anayeweza zaidi anasoma bure, asiyeweza analipia darasa la mabati.

Sisi walimu wa fasihi tunayajua haya vizuri, ila tunayajua kitabuni. Tulipokuwa tukifundisha "Mapenzi ya Kifaurongo" katika Tumbo Lisiloshiba, tulimwelekeza mtahiniwa aeleze masaibu ya Dennis kwa utabaka, na asipotaja utabaka tulimnyima alama. Kisha tulifunga kitabu, tukachukua insha ya Dennis wetu wa Dandora, na maelezo yetu yote yakaishia kwenye neno moja jekundu.

Sisemi Sheng iruhusiwe katika insha. Karatasi ya kwanza inataka Kiswahili sanifu, na mtahiniwa anayedhani mtahini atamwonea huruma anajidanganya. Ninachopinga ni kuifanya lugha ya mtoto kuwa sababu, ilhali historia inaionyesha kuwa mojawapo ya matokeo. Mwalimu anayeamini kwamba mtoto ameharibika kilugha humfundisha kidogo, humuuliza maswali mepesi, kisha hupata alama alizozitarajia.

Nilimrudia yule msichana baada ya wiki kadhaa, nikalieleza darasa zima habari za Binns na za mwaka wa 1985. Katika jaribio lililofuata niliuliza sababu za kuzuka kwa Sheng. Aliandika zile za kawaida: usiri wa vijana, mwingiliano wa makabila, kutaka kujitambulisha. Ya nne ilikuwa kwamba shule haikuwatahini babu zao katika Kiswahili. Mwongozo wangu wa kusahihisha haukuwa nayo. Nilimpa alama yake, nikaiongeza hoja hiyo kwa kalamu chini ya mwongozo.