Malcolm X pale Stanley
Siku hizi ukikutana na staa ughaibuni unaomba selfie, mnaachana. Oktoba 1964 vijana wawili Wamarekani weusi, wakielekea Zambia, walichelewa Nairobi kwa shida za ndege (Nairobi ndiyo hiyo, imekwamisha watu tangu kitambo). Pale hoteli ya New Stanley wakakumbana na Malcolm X. Hakuna aliyepanga.

Mmoja alikuwa John Lewis, miaka 24, mwenyekiti wa SNCC, wale vijana waliopigania haki ya kura kule Kusini mwa Marekani. Mwenzake ni Donald Harris. Kwao, Lewis na Malcolm hawakuwa kambi moja kabisa. Lewis alimfuata Martin Luther King, watu wa kutorudisha kofi; Malcolm alikuwa ameyakejeli hadharani maandamano ya Washington ya 1963, ambako Lewis mwenyewe alihutubia. Lakini huku kwetu, mbali na kamera, waliongea siku hiyo na kesho yake. Malcolm alitaka kesi ya watu weusi ifike Umoja wa Mataifa, Afrika ikiwa nyuma yao.

Mimi napenda kwamba stori haikuishia hapo. Desemba hiyo alikuwa Harlem na waimbaji wa SNCC, na walikuwa na wimbo kuhusu, shika hapo, Oginga Odinga, aliyekutana na vijana wa SNCC Atlanta mwaka wa 1963. Tarehe 4 Februari 1965 akahutubia Selma, kwa mwaliko wa SNCC. Tarehe 21 akauawa New York. Lewis alikuwa anatimiza miaka 25 siku hiyo.