Nani kashika spika?

Wadau, juzi usiku nilikuwa naandika mahojiano ya dakika 40 kutoka kwenye rekodi. Muda wa kupeleka habari umekaribia, mhariri anapiga simu, mara sauti ikakata katikati ya sentensi. Kompyuta yangu ni ya Linux, basi nikafungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandika amri, nikaandika:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse

Sauti ikarudi, habari ikaenda. Swali likabaki: huyu niliyemwamsha ni nani? Nimefuatilia, na nimekuta historia yenye siasa ndani yake.

Mwaka 1992 Hannu Savolainen wa Finland aliandika draiva za sauti za Linux, ambazo baadaye zilijulikana kama OSS. Programu ikitaka kupiga muziki ilifungua faili moja, /dev/dsp, na kumwaga namba humo. Rahisi kabisa. Shida ni kwamba kwa kadi nyingi za sauti, programu moja ikishaingia mlango unafungwa. Ukiwa unasikiliza muziki, mlio wa barua pepe husikii. Aliyewahi ndiye mwenye spika.

Dawa ikawa kuweka mtu wa kati. Yeye peke yake anashika kadi, wengine wote wanapitia kwake, kama fundi mitambo ukumbini anayepokea gitaa, ngoma na mwimbaji, akatoa kitu kimoja. Ndani ya kompyuta, kuchanganya ni kujumlisha. Sauti ya CD ni namba 44,100 kwa sekunde kwa kila upande. Fundi anajumlisha namba za programu hii na ile, akichunga jumla isipite 32,767, maana ikipita sauti inakwaruza. Programu nyingine ikija na namba 48,000 kwa sekunde, anazilinganisha kwanza.

Programu inayofanya kazi chinichini namna hii huitwa demoni, jina lililoanzia chuo cha MIT mwaka 1963. Mtu wa Pwani angesema jini: humwoni, ila kazi inafanyika. Demoni wa kwanza wa sauti kupata umaarufu aliitwa kwa amri fupi:

esd &

Ile alama ya mwisho ndiyo inayomwambia aende nyuma ya pazia.

Hapo ndipo siasa ilipoingia. Kambi ya GNOME ilikuwa na esd. Kambi ya KDE, kuanzia KDE 2 ya mwaka 2000, ikaja na artsd ya Mjerumani Stefan Westerfeld. Kila mmoja alitaka kadi yote iwe yake. Ukiwawasha wote wawili, mara nyingi mmoja anabaki bubu. Walioitwa kusuluhisha ugomvi wakawa ndio ugomvi wenyewe!

Mwaka 2004 Mjerumani mwingine, Lennart Poettering, alianzisha Polypaudio, ambayo mwaka 2006 ikaitwa PulseAudio. Fedora 8 iliichukua Novemba 2007, Ubuntu 8.04 ikafuata Aprili 2008. Malalamiko yakamiminika: sauti inakwama, sauti inakatika. Makosa mengine yalikuwa yake, mengine yalikuwa ya draiva ambazo hakuna aliyewahi kuzibana kiasi kile. Lawama zote alibeba yeye. Watu wakaikariri "pulseaudio -k" kama dua: unamuua, anafufuka mwenyewe.

Sasa mbona alishinda? Kwa maoni yangu ni kwa sababu alijifunza lugha ya aliyemkuta. Programu zilizozoea kuongea na esd ziliongea naye bila kuandikwa upya. PipeWire ya Wim Taymans wa Ubelgiji, ambayo Fedora 34 iliikabidhi sauti zote Aprili 2021, imefanya vilevile: inaongea lugha ya PulseAudio, na pia ya JACK, iliyozoeleka kwa watu wa studio. Sisi tuliozoea kuona kila bosi mpya akifuta kazi ya mwenzake, hapa tuna la kujifunza.

Kama una kompyuta yenye PipeWire, andika "pactl info" utazame jina la seva. Utakuta PulseAudio limetangulia, na PipeWire limekaa ndani ya mabano. Mrithi ameshakalia kiti, lakini bado anaitika kwa jina la aliyemtangulia.